Hata harusi ina kuvunja kamati: barua ya wazi kwa viongozi wa mbio zetu za hisani

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mhazini na wajumbe wote wa kamati,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

YAH: MCHANGO WA WATOTO WENYE VICHWA VIKUBWA NA MGONGO WAZI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhazini wa klabu moja ya jogging huku Mbagala, hizi klabu mnazozijua za kuamka saa 11 alfajiri Jumapili, tunakimbia kwa nyimbo barabara ya Kilwa kuanzia Rangi Tatu, tukirudi tunakunywa supu ndio kila mtu anaenda kwake. Huu mwaka wa 6 nashika daftari la klabu. Jina la taasisi yenu sijaliandika hapa, mnajijua na klabu zote zilizokimbia mbio zenu mwaka jana zinawajua. Sijaliandika kwasababu mpaka leo kuna watoto wodini wanaosaidiwa kwa jina hilo, nikilichafua atakayeumia ni mama aliyetoka Newala na mtoto mgongoni, nyie mtabaki na kazi zenu.

Nataka ieleweke kwanini naandika hadharani. Nimepiga simu kwa Katibu mara nyingi kuulizia mahesabu ya mchango wetu mpaka nikaona aibu. Mwezi wa kwanza tulileta barua kwa mkono ofisini kwenu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Mwezi wa tatu tukapewa miadi ya kikao Jumamosi saa 4, tukafunga safari watu watano, tukakuta ofisi imefungwa na mlinzi anasema hana taarifa. Meseji zangu za WhatsApp zimesomwa zote, tiki mbili za bluu, hakuna jibu hata moja. Kwaiyo nimemaliza milango yote ya ndani ndio nimetoka barazani.

Wengine wanaosoma hawajui ilikuwaje, niwaeleze kidogo. Mwaka jana hawa viongozi walikuja uwanjani kwetu asubuhi tumemaliza mazoezi, wakatueleza kuhusu watoto wanaozaliwa na kichwa kikubwa. Kitaalamu maji ya kwenye ubongo yanashindwa kutoka, yanajaa, kichwa kinakua, na mtoto akicheleweshwa anaweza kupoteza macho au akili yake ikaharibika kabisa. Dawa yake ni upasuaji, wengi wanawekewa mpira mwembamba chini ya ngozi unaoshusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Wapo na wenye mgongo wazi, hao mgongo unatakiwa ufungwe mapema siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Watoto wengi wanapelekwa MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kutoka mikoa ya mbali, mama anakuja na nauli ya kuja tu, ya kurudi hana, na ule mpira ukiziba au ukipata maambukizi mtoto anarudi tena chumba cha upasuaji. Siku ile watu wazima walilia pale uwanjani, wanaume wenye ndevu zao. Tukakubali palepale.

Tukaingia kazini kwelikweli. Kila mwanachama 20,000, tulikuwa watu 67, ikawa 1,340,000 niliyoituma mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Hapo sijahesabu zile za mtu mmoja mmoja, mana vijana wetu walikuwa wanaposti kila siku kwenye Instagram na statasi, kina mama wakapeleka kwenye vikoba vyao, kuna dada anakaanga mihogo pale Zakhiem aliweka kopo mezani na picha ya mtoto na kila Ijumaa alinikabidhi kopo zima tukahesabu pamoja. Siku ya mbio klabu zaidi ya 10 zikaja, muziki, bonanza la mpira, laivu ya Instagram mpaka jioni, mwisho mkapanda jukwaani na ile hundi kubwa ya bango imeandikwa 38,450,000. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Ni miezi 8 leo. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hamjasoma mahesabu. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Ndugu viongozi, sisi ni Watanzania, kuchanga tunakujua tangu tunazaliwa. Mtu akifiwa, daftari la rambirambi linakaa mlangoni, na kabla watu hawajaondoka matangani mzee anasimama analisoma, kimepatikana kiasi hiki, sanda hiki, chakula hiki, usafiri hiki, kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya watu. Harusi ndio usiseme, kwenye grupu la WhatsApp mhazini anaweka orodha kila jioni, jina, ahadi, alicholipa, tiki. Na harusi ikishapita, maharusi wako kwao wanapumzika, kamati inakaa kikao cha kuvunja kamati, mapato na matumizi yanasomwa mstari kwa mstari, nishawahi kukaa kikao watu wanajadili 35,000 ya maua nusu saa nzima mpaka muuza maua akapigiwa simu. Hiyo ni harusi, watu wamekula wamekunywa wameshiba. Inakuwaje pesa ya pilau ina kikao cha kuvunja kamati, alafu pesa ya kichwa cha mtoto haina?

Sisemi mmekula. Nasema kwa macho yangu niliwaona watoto 4 mliowalipia, nilienda wodini na wenzangu kupeleka nepi na sabuni, nikaongea na mama zao wakawashukuru nyie kwa majina. Hilo lipo na Mungu awalipe. Ila watoto 4 sijui wamegharimu kiasi gani katika ile 38,450,000, sijui kama hiyo namba ya kwenye bango ilikuwa pesa iliyoingia au ilikuwa na ahadi ndani yake, sijui kama ilikuwa kabla au baada ya kutoa gharama za jukwaa. Yule dada wa mihogo ananiuliza kila Ijumaa na mimi sina cha kumjibu, pesa alinipa mimi sio nyie, sura anayoijua ni yangu.

2. Namba za kuchangia zilikuwa tatu.

Posta ya kwanza ilikuwa na Lipa Namba yenye jina la taasisi, safi kabisa. Wiki mbili baadae ikaja posta yenye namba ya simu ya kawaida, alafu siku ya mbio MC akawa anataja nyingine ya tatu. Watu wetu walipokuwa wanatuma, kabla ya kuweka namba ya siri linatokea jina la mwenye laini, wakaona jina la mtu binafsi. Na laini zetu siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, jina likitokea ni la mtu kweli. Nilipouliza nikaambiwa ile ya taasisi ilisumbua mtandao kwaiyo wametumia ya mratibu kwa mda. Sawa, inatokea, lakini ilibidi mseme siku ileile, na mseme kwenye ile namba ziliingia shilingi ngapi na zimehamishiwa lini.

Alafu angalieni madhara yake. Kuna matapeli walichukua posta yenu ileile na picha ileile wakabadilisha namba tu wakaitawanya kwenye magrupu. Mama wa mwanachama wetu mmoja yuko Tandika alituma 10,000 huko. Tulipotaka kuwatahadharisha watu tukashindwa tuseme ipi ni ya kweli, mana na nyie wenyewe mlikuwa nazo tatu. Mngekuwa na moja tu toka mwanzo mpaka mwisho, ya nne ingejulikana papohapo kuwa ni ya mwizi.

Hili la namba na akaunti sio dogo katika nchi yetu. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, watu wamepoteza ndugu na nyumba, nchi nzima inachanga, na mwezi huohuo Rais Magufuli akawatengua maofisa wawili wa serikali huko Kagera kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Toka pale watu wakisikia akaunti ya pili masikio yanasimama, na wana haki.

3. Picha za watoto.

Hapa naomba mnisikilize kama mama anaongea na kaka zake na dada zake, sio kama mhazini.

Ile picha iliyokuwa kwenye posta zenu, ya mtoto amelala kichwa kimefungwa bandeji, mama yake namjua. Nilikaa nae kwenye benchi nje ya wodi siku mbili tofauti. Aliniambia siku ile mlipokuja kupiga alikuwa hajalala usiku mbili, mkamwambia mama tupige picha tukutafutie msaada, akasema sawa. Wewe ungesema hapana? Mtoto yuko kitandani, bili inapanda, mtu amekuja na simu anasema huu ni msaada. Ile sawa mimi siihesabu kama ruhusa, ni mtu aliyeshikwa pabaya. Hamkumwambia itaenda Instagram. Hamkumwambia jina la mtoto na wilaya anakotoka vitaandikwa chini yake. Hakusaini kitu.

Yule mtoto alifariki mwezi wa 12. Upasuaji ulifanyika, baadae yakaja maambukizi, Mungu akampenda zaidi. Mama akarudi Newala.

Mwezi wa pili mkatoa posta mpya ya mbio za mwaka huu, picha ileile. Imeandikwa TUMUOKOE. Ile posta ilizunguka magrupu yote mpaka ikafika kwenye grupu la kikoba cha mama yake, mtu akaituma bila kujua akiomba kina mama wachangie. Alinipigia simu saa 3 usiku hawezi kuongea. Aliniuliza swali moja tu, dada, wanamuokoa na nini?

Nilimtumia Katibu meseji usiku uleule nikamuomba picha itolewe. Mpaka naandika haya bado ipo, nimeangalia asubuhi.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika toka tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto ni katika zile zinazoitwa nyeti, haziguswi hivihivi. Sio lengo langu kupelekana huko. Hata ingekuwa hakuna sheria, picha ya mtoto aliyekufa haiombewi pesa.

4. Gharama za shughuli. Sipingi gharama, mbio bila maji na gari la wagonjwa haziendeki, fulana nazo zinalipiwa. Lakini tulilipa 20,000 tukiambiwa zote zinaenda kwa watoto, baadae tunasikia fulana ilitoka humohumo, na msanii alilipwa, na jukwaa na spika vimekodiwa. Mngesema mapema kwamba katika kila 20,000 fulana ni kiasi fulani na mtoto ni kiasi fulani, watu wangelipa vilevile. Wengine wangekataa fulana ili yote iende. Mimi ningekataa, fulana ninazo kabati zima.

5. Kunyamazisha watu. Kijana wetu aliuliza kwenye komenti kistaarabu kabisa, ripoti inatoka lini, komenti ikafutwa na yeye akablokiwa. Mimi nilitolewa kwenye grupu la WhatsApp la waratibu bila neno. Ukurasa uleule uliotumika kutuomba kila siku, mara tatu kwa siku, ndio umetufungia mlango tulipouliza.

Najua majibu yatakayokuja, mengine nishayasikia kwa watu.

Mtasema mnajitolea, hamlipwi. Na mimi sijawahi kulipwa hata nauli ya kwenda kwa wakala na daftari nalifunga kila mwisho wa mwezi. Mtu unaweza kujitolea mda wako, ila ile pesa sio yako mpaka useme nimejitolea kwaiyo nisiulizwe.

Mtasema mkaguzi bado anakagua. Inawezekana ni kweli na ukaguzi kweli una mda wake. Basi wekeni karatasi moja tu wakati tunasubiri, imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, imebaki kiasi gani. Mhazini anayejua kazi yake hiyo karatasi anaiandika jioni moja.

Mtasema tukaulize hospitali. Hospitali haiwezi kunitolea mimi mambo ya mgonjwa wa mtu, na haitakiwi. Ila risiti mliyolipia mnayo nyie, ficheni jina la mtoto, onyesheni kiasi na tarehe, inatosha.

Kuna mzee mmoja kati yenu, namheshimu sana, alimwambia mwenyekiti wetu kwamba sadaka haitangazwi, mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia. Mzee wangu, hayo maneno ni ya mtoaji. Yule dada wa mihogo ndio mwenye haki ya kunyamaza na ndio maana jina lake sijaliandika popote. Aliyekabidhiwa amana hakupewa ruhusa hiyo, yeye ameagizwa aandike na aweke mashahidi.

Na mtasema tukisema hadharani watu wataacha kutoa, watoto watakosa. Hili ndilo lililoninyamazisha miezi yote hii, nakiri. Nimeona Watanzania wanavyotoa, maporomoko ya Hanang tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh watu walichanga kuanzia nguo mpaka unga, hakuna aliyeuliza unachangia kabila gani. Lakini mwaka huu klabu yangu niliposimama kutangaza mbio zenu, katika watu 67 walionyoosha mkono ni 9. Nilikuwa sijaandika barua yoyote wala kumwambia mtu kitu. Ukimya wenu umeshawafukuza wenyewe.

Wapo wanaofanya vizuri, sio kwamba haiwezekani. CRDB Bank Marathon walishasema kabla watu hawajakimbia kwamba pesa inaenda kwa watoto wa moyo pale JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, na kina mama wanaotibiwa hospitali ya CCBRT, kila mtu akajua anakimbilia nini. Mtasema hiyo ni benki ina watu wa mahesabu. Haya, njooni mwone daftari langu la kaunta kwaya, la mihogo na la jogging, mwaka mzima liko pale kwa mwenyekiti na kila mwanachama anaruhusiwa kulifungua.

Tunachoomba:

Kwanza picha ya yule mtoto itoke leo, kila mahali mlipoiweka, na Mwenyekiti mwenyewe ampigie simu mama yake amuombe radhi. Namba yake mnayo. Hili halisubiri kikao wala mkaguzi.

Pili, mapato na matumizi yasomwe kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Yasomwe palepale uwanjani ambapo hundi ya bango ilinyanyuliwa, kwa spika, na yawekwe kwenye ukurasa uleule wa Instagram. Tutawaandalia viti na maji, uwanja tutaomba sisi.

Tatu, kuanzia sasa iwe Lipa Namba moja ya jina la taasisi. Zile namba mbili za watu binafsi mtoe taarifa ya kilichoingia.

Nne, hakuna picha ya mgonjwa bila karatasi aliyosaini mzazi akiwa ametulia na akielezwa itaenda wapi na itatolewa lini. Mnaweza kupiga picha mikono, viatu vidogo, mgongo wa mama amekaa kwenye benchi. Watu wetu sio mawe, wataelewa.

Tano, klabu zilizochangia zichague watu wawili waingie kwenye mahesabu. Sio lazima niwe mimi.

Mpaka hapo patakapokuwa na jibu, klabu yetu haitashiriki mbio za mwaka huu. Tumekubaliana kikaoni na muhtasari upo. Pesa tutaendelea kuchanga kama kawaida, ila tutakwenda wodini wenyewe, mama akipewa kontrol namba ya bili yake tunailipia hapohapo kwa simu, na meseji ya malipo naisoma kwa sauti Jumapili baada ya supu. Wiki iliyopita tumelipia mmoja. Ni kidogo sana ukilinganisha na milioni 38 na nasikia uchungu kusema hivyo, nyie mna uwezo wa kukusanya kwa siku moja tunachokusanya sisi kwa miaka, ndio mana nawaandikia badala ya kuwaacha.

Mkisoma mahesabu Jumatatu, Jumanne mimi nitakuwa wa kwanza kusimama kuwatangazia mbio. Simu yangu iko wazi, hata saa 3 usiku.

Wenu,
Mhazini wa klabu ya jogging, Mbagala

Nakala: wenyeviti na wahazini wa klabu zote zilizokimbia siku ile